Zana Tisa za Kidijitali Zilizopita Saitini Kwetu Tunduma, Tukianzia ya Mkiani

Orodha hii ilikuwa ya zana kumi. Ya kumi niliiandika kwenye kompyuta ya ofisi ya saiti, umeme ukakatika kabla sijahifadhi, na mpaka leo sikumbuki ilikuwa ipi. Tuendelee na tisa.

Mimi ni karani wa saiti. Kwa wasiokijua cheo hicho, ni yule mwenye kofia ngumu iliyo safi kuliko za wote. Nimehesabu mifuko ya saruji Tunduma, Mpemba na Vwawa, na haupiti mwaka bila mtu kushuka na basi la Dar es Salaam akiwa na programu mpya ya kusimamia miradi. Fundi mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Mzee Timazi, humsikiliza mgeni mpaka mwisho, kisha huuliza swali lake lilelile: "Na hiyo inachanganya zege?"

Bado haijapatikana inayochanganya. Zilizopo nimezipanga kwa kadiri zilivyogusa kazi yenyewe, kuanzia iliyogusa kidogo kabisa.

9. Jengo la kwenye kioo

Kijana wa ushauri alisimama mbele ya mafundi akasema teknolojia ya sasa ni BIM. Alitamka vizuri tu, ila ukiwa na tope masikioni BIM na bimu ni kitu kimoja. Mzee Timazi akamjibu kwa upole, "Bimu tunazijua, mwanangu. Juzi tumemwaga sita."

Ilichukua nusu saa kuelezana kwamba hii ni bimu isiyo na nondo: jengo zima linachorwa kwa pande tatu kwenye kompyuta, mabomba, nyaya, nguzo na milango, ili yanayogongana yagongane huko kabla hayajagongana huku. Uingereza serikali kuu iliifanya sharti kwa miradi yake tangu Aprili 2016. Sisi tuliiona siku mbili, halafu kijana akarudi Dar na laptopu yake.

Kwa haki yake niseme: kabla hajaondoka alituonyesha bomba la choo likipita katikati ya bimu ya ghorofa ya kwanza. Tukamgeukia Mzee Timazi kwa mshangao. "Nalijua hilo tangu wiki iliyopita," akasema. "Hamkuniuliza."

Wiki iliyofuata fundi bomba alikuwa na tindo na nyundo, akitoboa bimu halisi.

8. Droni

Wengine wanaiita ndege nyuki, na kwa kelele zake jina limepata mwenyewe. Zanzibar waliitumia kwa maana: kuanzia 2016, kwenye mradi wa kupiga ramani visiwa vyote, wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walikuwa miongoni mwa waliorusha na kuchakata picha. Unguja na Pemba zikaonekana nyumba kwa nyumba.

Tunduma ni habari nyingine. Kurusha droni nchini kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Sasa fikiria mji wa mpakani ambao upepo mmoja tu wa mchana unatosha kuipeleka ndege yako Zambia bila pasipoti. Siku ya majaribio vibarua wote waliacha makarai wakaangalia juu. Tulichofanikiwa kupima siku ile ni muda ambao watu arobaini wanaweza kutazama mbinguni kwa malipo ya kutwa.

7. Ratiba ya rangi

Hii ni ile karatasi ndefu yenye mistari ya bluu na myekundu inayobandikwa ukutani ofisini: kuchimba msingi wiki mbili, jamvi wiki moja, kuta wiki tano. Michoro ya namna hii imebeba jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Siku hizi inatoka kwenye Primavera au Microsoft Project, na mstari mwekundu ndio njia nyeti, yaani kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja.

Ratiba yetu ilichorwa na mtu mwenye akili sana ambaye hakuwahi kuiona Novemba ya Mbozi. Mvua huku ikishaanza ndiyo imeanza mpaka Aprili, na ikianza, vibarua nao wana mashamba ya mahindi. Hakuna rangi ya kuonyesha "vibarua wameenda kupanda."

Halafu kuna foleni. Oktoba 2019 marais wa nchi mbili, Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia, walizindua kituo cha pamoja cha mpakani kati yetu na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Lakini shehena ya Zambia na ya Kongo inayotoka bandari ya Dar inapitia koo hilihili, na siku koo likikabwa, malori yanalala barabarani kilomita kwa kilomita. Tipa letu la mchanga, lisilo na haja yoyote ya kuvuka mpaka, linakaa nyuma ya malori ya shaba kama mtoto kwenye msiba wa watu wazima. Njia nyeti ya Tunduma haipo ukutani, ipo kwenye foleni ya Chapwa imezima injini.

Kila tukianza kuisifia sana karatasi ile, Mzee Timazi huonyesha kidole upande wa reli. TAZARA, kilomita 1,860, Wachina walianza kuijenga 1970, na mataruma yalifika hapa Tunduma 1973. Kampuni iliyozaa Primavera ilianzishwa 1983. "Wachina walipita hapa na filimbi," husema. Siyo kweli, walikuwa na wapimaji na mahesabu ya kutosha. Lakini nani ataanza ubishi na mtu aliyeshika mwiko?

6. Ramani ya simu

Hapa naomba nikae kidogo, maana wageni wanaumia sana.

Kuna Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu Vwawa. Ndani yake kuna Wilaya ya Songwe, makao makuu Mkwajuni. Kuna Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi na kumwaga Ziwa Nyasa. Kuna Mto Songwe mwingine, ambao hauna habari na wa kwanza, unaokwenda zake Ziwa Rukwa. Kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, ambao uko Mkoa wa Mbeya. Na kuna Songwe yenye kiwanda cha saruji, ambayo nayo iko Mkoa wa Mbeya.

Tuliagiza saruji. Ofisi ya mjini ilikuwa imenunua programu ya kufuatilia mizigo: unaandika unakopelekwa mzigo, dereva anapata ramani, na wewe unaona kidoti cha bluu kikitembea. Karani mwenzangu, mtu wa kuja, akaandika neno moja tu: Songwe. Tukakaa na simu kama watu wanaoangalia mpira. Kidoti kikatoka Mbeya mjini, kikapita Mbalizi, kikasogea, kikasimama. Programu ikaandika kwamba mzigo umefika.

Nikampigia dereva. "Nimefika bosi," akasema, "niko getini. Ila wananishangaa."

"Geti la wapi?"

"La kiwandani."

Saruji ilikuwa imerudi kwao kusalimia.

Siku hizi naandika "Tunduma, karibu na," halafu naweka msikiti, kituo cha mafuta na rangi ya geti. Wapimaji wasinune, ila kutowauliza wenyeji ni ugonjwa wa zamani. Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, lile pande la chuma lenye uzito wa tani zaidi ya kumi, vitabu vinasema kiligunduliwa 1930 na mpima ardhi aliyeitwa Nott. Wenyeji walikuwa wanapita kando yake na majembe miaka yote hiyo. Nao hawakuulizwa.

5. Programu ya mahudhurio

Wazo lilikuwa zuri. Kila fundi anabonyeza simu yake akiingia saitini, anabonyeza tena akitoka, na mwisho wa wiki kompyuta inajumlisha masaa. Hakuna tena ubishi wa daftari.

Aliyeibuni hakujua kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukuta wetu wa magharibi ulikuwa unatazama mnara wa Nakonde uso kwa uso, na simu ikishashika mnara wa ng'ambo inajirekebisha saa yenyewe bila kuomba ruhusa. Fundi aliyefika saa 1:40 asubuhi, yaani kachelewa dakika arobaini, akibonyeza kutokea upande ule programu inaandika 06:40. Kawahi dakika ishirini! Mwezi wa kwanza nilishangaa jinsi nidhamu ilivyopanda.

Ila jioni mambo yangepaswa kugeuka: anayetoka saa 11:00 aandikwe 16:00, apoteze saa moja. Hakuna aliyepoteza. Niliwachunguza siku tatu ndipo nikaelewa. Asubuhi waliingia kwa kupitia upande wa Zambia, jioni walitokea upande wa Tanzania, mstari mmoja, wametulia, kama watu wa kwaya. Kila mtu alikuwa anazalisha saa moja kwa siku bila kugusa tofali.

"Mzee," nikamwambia Mzee Timazi, "hii ni haki kweli?"

"Wewe uliyeleta saa ya kigeni," akasema, "unaniuliza mimi?"

4. Excel

Haijawahi kudanganya mtu. Inapokea uongo wako, inaujumlisha sawasawa, na inauwekea mkato kwenye maelfu.

3. NeST

Kabla ya zabuni za serikali kuhamia mtandaoni kulikuwa na sanduku la zabuni, la chuma, lenye kufuli. Mkandarasi wa Tunduma anayetaka kazi ya Dar alibeba bahasha zake zaidi ya kilomita 900, akiomba lori lisianguke kwenye kona za mlima Kitonga usiku huo. Likianguka, basi naye kaanguka na lori, maana saa ya kufunga sanduku haikujali uko kona ya ngapi.

Mwaka 2023 NeST, mfumo wa sasa wa zabuni hizo, uliingia na kuupokea mzigo kutoka kwa TANePS, mfumo uliotangulia, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Namba 10. Sasa zabuni inatumwa ukiwa umekaa Mpemba na kikombe cha chai. Kona za Kitonga zimebaki kwa wenye kusafirisha vitunguu. Kwa mkandarasi wa daraja la saba wa mkoa wa mpakani hili ni jambo kubwa kuliko droni zote za dunia, na nasema hivyo bila mzaha.

Mzaha ni huu. Zabuni yetu ya kwanza ilikuwa inafungwa 10:00. Niliyekabidhiwa kuituma ni mimi. Nikasoma kumi. Kumi ni saa kumi. Nikala mchana, nikapitia hesabu kwa utulivu, saa tisa alasiri nikajifuta mikono nikafungua mfumo. Ulikuwa umefungwa tangu saa nne asubuhi.

Mfumo hauna kosa. Ulisema kumi, na mimi nilizaliwa kwenye lugha ambayo saa kumi jua linaelekea kushuka. Bosi alinitazama kwa muda. Kisha akauliza kama ile zabuni ningeweza kuipeleka upande wa Zambia, labda kule bado. Hata huko ilikuwa saa nane.

2. Kundi la WhatsApp

Hakuna mtaalamu aliyelileta. Hakuna semina iliyofanyika. Siku moja mtu alifungua kundi, akaliita "SAITI TUNDUMA KAZI TU," na kufikia jioni kulikuwa na rambirambi mbili, dua moja, tangazo la kuku wa kienyeji na picha ya nguzo iliyopinda.

Hata hivyo ndilo linaloendesha majengo ya nchi hii. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, na madarasa 15,000 yakatakiwa yainuke kwa miezi michache, picha za maendeleo zilipanda kwa simu: mwalimu mkuu kwenda kata, kata kwenda halmashauri, halmashauri kwenda mkoani. Msingi leo, lenta keshokutwa, bati Ijumaa. Programu ya dola elfu moja isingeweza kumfanya mwalimu wa hesabu apige picha ya kenchi saa mbili usiku. Kundi lenye mkuu wake wa wilaya ndani liliweza.

Udhaifu wake ni lugha. Ujumbe mfupi kuliko wote niliowahi kuupokea kutoka kwa Mzee Timazi, na ghali kuliko wote, ni huu: "Nondo 12 leta 16."

Dada wa stoo alisoma hivi: nondo za milimita 12 zinatakiwa, lete vipande 16. Mimi nilisoma hivi: za milimita 12 hazifai, lete za milimita 16. Bosi aliyekuwa safarini alisoma hivi: zimebaki 12, zifikishe 16, kwa hiyo lete nne. Sote tulitaka kupiga simu kuuliza, ila kila mmoja aliona mwenzake kaweka kidole gumba, akadhani ameelewa. Ikaja gari yenye nondo nene za kutosha kuzuia tembo.

"Nilimaanisha vipande kumi na viwili," alisema Mzee Timazi akiziangalia. "Za milimita kumi na sita. Si nimeandika?"

Baada ya hapo tukaamriwa kutumia kamera inayopiga mhuri wa mahali, tarehe na saa chini ya picha. Hii nayo imekomesha mchezo mtamu wa zamani, wa kupiga picha ukuta mmoja kutoka pembe nne na kuripoti vyumba vinne. Ila sisi na mpaka hatuachani. Ripoti yetu ya kwanza kwa mwenye fedha iliondoka na picha kumi na moja nzuri kabisa za lenta, na chini ya tatu kati ya hizo mhuri ulisomeka Nakonde, Muchinga Province, Zambia. Tulipigiwa simu kabla ya chai. Swali lilikuwa moja: fedha za Watanzania zinajenga nini ng'ambo?

1. Pesa ya simu

Najua. Ulitegemea kitu chenye michoro.

Fikiria basi Jumamosi za zamani. Msimamizi anatoka benki na bahasha, roho mkononi. Vibarua wamepanga foleni. Chenji hakuna, kwa hiyo wawili wanapewa noti moja wakagawane wenyewe, na mgawanyo huo unaishia kilabuni kwa hasara ya mmoja. Kwenye orodha kuna majina arobaini, kwenye foleni kuna watu thelathini na nne, na wale sita kila wiki "wametangulia, nimewachukulia mimi." Kila saiti ilikuwa na vibarua hewa wake. Kwetu mmoja alikuwa amepandishwa cheo mara mbili.

M-Pesa ilifika Tanzania 2008, lakini iliyowaua vibarua hewa ni kazi ya baadaye: usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019. Pesa inataka namba, namba inataka kitambulisho cha NIDA, na kitambulisho kinataka kidole. Kibarua hewa ana jina, ana sahihi, ana hata ndugu. Kidole hana.

Tatizo ni kwamba fundi halisi naye alikuwa hana. Saruji inakula. Miaka thelathini ya kushika chokaa na tofali bila glavu, na ncha za vidole vya Mzee Timazi zilikuwa laini kama sahani. Mashine ya wakala ilimkataa kidole cha shahada, cha kati, gumba, ikarudia, ikamkataa tena, huku foleni nyuma ikiguna. Akakasirika akaondoka. Kwa miezi miwili malipo yake yakapitia laini ya mkewe, na mzee mzima akawa anakuta mshahara umefika nyumbani kabla yake na umeshapangiwa kazi. Akarudi kwa wakala mwenyewe, bila kuitwa, mikono ameipaka mafuta ya nazi usiku kucha. Kidole kidogo cha kushoto ndicho kilichokubali. Kumbe hicho saruji haikuwa imekifikia.

Naiweka ya kwanza kwa sababu hiyo. Zana zote zilizotangulia zilikuja kutaka kitu kwa fundi: taarifa, picha, saa aliyofika. Hii ilikuja na kitu chake mkononi. Ndiyo maana hakuna aliyehitaji semina. Watu walewale walioizunguka programu ya mahudhurio kupitia Zambia walikariri menyu ya kutoa pesa kwa siku moja, na tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 walikuwa wanakokotoa makato haraka kuliko Excel yangu. Orodha ya malipo ya simu imekuwa pia ndiyo kumbukumbu yetu bora ya nani alikuwepo saitini, siku gani, kwa kazi gani. Mkadiriaji majenzi akitaka kujua ukuta wa nyuma ulikula nguvu kazi kiasi gani, haendi kwenye ratiba ya rangi. Anakuja kwangu kuomba taarifa za miamala.

Jumamosi iliyopita nilituma saa tisa alasiri. Ukikaa kimya unaisikia ikitembea: inalia ya kwanza kule kwa wapiga lipu, ya pili juu ya jukwaa, mbili kwa pamoja kwenye mashine ya zege, halafu mfululizo, na makarai yanawekwa chini. Ya Mzee Timazi haikulia. Alikuwa ameegemea ukuta wa magharibi, anaitazama simu, ananitazama mimi.

"Mzee, umeshika Nakonde hapo. Sogea huku."

Akaondoka ukutani taratibu, simu ameinyanyua mbele ya macho kama anavyoshika timazi, akapita kwenye kokoto, akapita stoo, akafika karibu na geti. Ikalia. Akasoma ujumbe wote, mpaka salio. Kisha akaja mpaka mezani kwangu.

"Karani."

"Naam, mzee."

"Ya kutolea iko wapi?"